Vitafunwa Shuleni: Je, Shule Ziweke Mipaka kwa Ajili ya Afya ya Wanafunzi?

Na Mwandishi Wetu

Kengele ya mapumziko inapolia asubuhi, wanafunzi katika shule nyingi nchini huelekea sehemu moja: kwenye meza za wauza vitafunwa zilizopangwa pembezoni mwa uwanja au nje ya geti. Hapo hupatikana maandazi, vitumbua, mihogo ya kukaanga, karanga na miwa. Hupatikana pia pipi, biskuti, ubuyu wa rangi, barafu za sukari, soda na pakiti ndogo za krispi zenye chumvi nyingi. Akiwa na shilingi mia moja au mia mbili mkononi, mtoto wa miaka minane hufanya uamuzi wa lishe peke yake, na hufanya hivyo takribani siku zote za masomo katika mwaka.

Uamuzi huo mdogo umezaa swali kubwa ambalo wazazi, walimu na viongozi wa Serikali za Mitaa wamekuwa wakijiuliza: je, shule zina wajibu wa kuzuia vitafunwa visivyo bora kwa afya, au jambo hilo liachwe mikononi mwa wazazi na watoto wenyewe? Makala haya yanaeleza maana ya vitafunwa hivyo, hali ya lishe nchini, hoja za pande zote mbili, uzoefu wa mataifa mengine na hatua ambazo shule inaweza kuchukua kwa mujibu wa taratibu zilizopo.

Vitafunwa visivyo bora ni vipi?

Kula kati ya mlo na mlo si kosa. Mtoto anayekua ana tumbo dogo na mahitaji makubwa, hivyo kitafunwa kizuri ni sehemu ya ulaji wake wa siku. Tatizo ni aina ya kitafunwa. Wataalamu wa lishe hutazama mambo matatu: sukari iliyoongezwa, chumvi na mafuta, hasa mafuta yaliyogandishwa kiwandani kwa kuongezewa haidrojeni pamoja na mafuta ya kukaangia yanayorudiwa mara nyingi. Chakula chenye wingi wa vitu hivyo na uhaba wa protini, vitamini, madini na nyuzinyuzi humshibisha mtoto kwa muda mfupi bila kumjenga.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri kuwa nishati inayotokana na sukari iliyoongezwa, pamoja na ile iliyomo katika asali na juisi za matunda, isifikie asilimia 10 ya nishati yote ya siku. Linaongeza kuwa manufaa ni makubwa zaidi ikishuka chini ya asilimia 5. Kwa upande wa chumvi, kiwango kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kisichojaa, na kwa mtoto kiwango hupunguzwa kulingana na mahitaji yake ya nishati.

Hesabu rahisi inaonesha uzito wa jambo hili. Tuchukue mtoto anayehitaji takribani kilokalori 1,600 kwa siku. Asilimia 10 ya nishati hiyo ni kilokalori 160, na kwa kuwa gramu moja ya sukari hutoa kilokalori 4, ukomo wake ni gramu 40. Asilimia 5 ni gramu 20, yaani vijiko vitano vya chai. Soda ya kawaida huwa na gramu 10 hadi 11 za sukari katika kila mililita 100. Chupa moja ya mililita 300 inampa mtoto huyo gramu 30 au zaidi: imevuka kiwango cha asilimia 5 na kumaliza robo tatu ya kile cha asilimia 10, kabla hajanywa chai ya nyumbani au kula andazi, pipi na barafu.

Ni vyema kusisitiza kuwa si kila kinachouzwa getini ni kibaya. Mahindi ya kuchemsha, viazi vitamu, ndizi mbivu, machungwa, mayai ya kuchemsha, karanga na maziwa ni vitafunwa vyenye faida. Yai moja lina takribani gramu 6 za protini, na konzi moja ya karanga huzidi kiasi hicho. Vilevile, chakula kizuri hakina budi kuwa salama. Mwaka 2016 wananchi katika mikoa ya Dodoma na Manyara walipoteza maisha kutokana na sumukuvu iliyokuwa katika mahindi, tukio linalokumbusha kuwa nafaka na karanga zilizoota ukungu hazifai kuliwa na yeyote, achilia mbali watoto.

Hali ya lishe nchini

Tanzania imepiga hatua katika kupunguza udumavu. Utafiti wa Kitaifa wa Afya ya Uzazi, Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 30 ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa, ikilinganishwa na asilimia 34 katika utafiti wa mwaka 2015/16. Pamoja na mafanikio hayo, takribani watoto watatu katika kila kumi wa umri huo bado wana kimo kidogo kuliko kinachostahili umri wao.

Wakati huohuo, upande wa pili wa utapiamlo unakua. Utafiti wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika mwaka 2012 kwa watu wenye miaka 25 hadi 64 ulibaini kuwa takribani mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo, na takribani mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu. Magonjwa haya huonekana ukubwani, lakini mengi yana mizizi katika tabia za ulaji zinazojengwa utotoni.

Duniani hali inabadilika kwa kasi. Taarifa ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto (UNICEF) ya Septemba 2025 ilieleza kuwa, kwa mara ya kwanza, watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye kiribatumbo wamekuwa wengi kuliko wenye uzito pungufu: asilimia 9.4 dhidi ya asilimia 9.2. Maeneo mawili yaliyobaki nje ya mwelekeo huo ni Afrika Kusini mwa Jangwa la Sahara na Asia ya Kusini. Hiyo ni fursa kwa nchi kama yetu, kwa kuwa bado inawezekana kuzuia tatizo kabla halijaota mizizi. Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji.

Kwa msingi huo, suala la vitafunwa shuleni haliwahusu watoto wanene pekee. Mtoto aliyekonda naye hudhurika, kwa sababu fedha ndogo aliyonayo huishia kwenye sukari na chumvi badala ya chakula kitakachomjenga. Pipi haiondoi upungufu wa damu, wala krispi hazirejeshi kimo kilichopotea.

Hoja za wanaotaka vizuiwe

Hoja ya kwanza ni wajibu wa shule. Mzazi anapomkabidhi mtoto asubuhi, mwalimu hushika nafasi ya mlezi hadi jioni. Shule inayofundisha darasani kuwa sukari nyingi huharibu meno, kisha ikaruhusu pipi kuuzwa mlangoni mwa darasa hilohilo, hubomoa kwa mkono mmoja inachojenga kwa mwingine.

Ya pili ni uwezo wa mtoto kuchagua. Mtu mzima anaweza kusoma lebo na kupima madhara ya miaka ishirini ijayo. Mtoto huvutwa na rangi, utamu, zawadi ndani ya pakiti na mwenzake anachokula. Ndiyo maana Baraza la Afya Duniani, mwaka 2010, liliidhinisha mapendekezo yanayotaka maeneo wanakokusanyika watoto, zikiwemo shule, yasitumike kunadi vyakula vyenye mafuta mabaya, sukari au chumvi nyingi.

Hoja ya tatu ni usawa. Shule inapoweka kanuni moja kwa wote, mtoto asiye na fedha haoni aibu mbele ya mwenzake mwenye nazo, na mzazi anayejitahidi kumpa mwanawe muhogo na maziwa hashindani na matangazo.

Hoja za wanaotaka tahadhari

Wanaotahadharisha nao wana hoja za msingi zinazostahili kujibiwa. Kubwa kuliko zote ni njaa. Wapo wanafunzi wanaoondoka nyumbani alfajiri bila kunywa chai na kutembea kilomita kadhaa kwenda shule. Kwao, andazi la saa nne ndilo kifungua kinywa. Kuliondoa bila kuweka kingine mahali pake ni kumwacha mtoto na tumbo tupu, na mwenye njaa hafundishiki.

Hoja nyingine ni riziki. Wauzaji wengi wa getini ni kina mama wanaosomesha watoto wao, pengine katika shule hiyohiyo, kwa faida ya meza moja ya vitumbua. Amri ya kuwaondoa kwa siku moja huhamishia tatizo katika kaya zao.

Yapo pia mashaka kuhusu utekelezaji. Mamlaka ya mwalimu mkuu yanaishia kwenye uzio, ilhali shule nyingi hazina uzio. Kinachozuiwa ndani huuzwa hatua chache nje, na mara nyingine katika mazingira machafu zaidi. Aidha, wapo wanaohofia kuwa walimu, ambao tayari wana majukumu mengi, watageuzwa wakaguzi wa mifuko ya wanafunzi.

Uzoefu wa mataifa mengine

Nchi kadhaa zimekwishachukua hatua, na mafunzo yake ni bayana. Ufaransa iliondoa shuleni mashine za kuuzia vinywaji na vitafunwa kuanzia Septemba 2005. Mwaka uliofuata, shule za umma za England zilianza kuwekewa viwango vilivyoondoa pipi, krispi na soda. Marekani ilitunga sheria ya lishe ya watoto mwaka 2010, na kuanzia mwaka wa masomo wa 2014/15 vitafunwa vinavyouzwa shuleni vilitakiwa kukidhi viwango vya sukari, chumvi, mafuta na nishati.

Chile ilikwenda mbali zaidi. Tangu Juni 2016, bidhaa zenye sukari, chumvi, mafuta mabaya au nishati kupita kiwango hubandikwa alama nyeusi ya tahadhari, haziruhusiwi kuuzwa shuleni, na matangazo yake kwa watoto wa chini ya miaka 14 yamewekewa mipaka. Watafiti walibaini kuwa, katika awamu ya kwanza ya sheria hiyo, ununuzi wa vinywaji vyenye sukari nyingi ulipungua kwa takribani asilimia 24. Punguzo hilo lilitokana na hatua zote kwa pamoja, si katazo la shule peke yake.

Ufilipino, kwa waraka wa elimu wa mwaka 2017, ilitumia rangi za taa za barabarani: vyakula vya kijani viuzwe kila siku, vya njano kwa kiasi, na vyekundu visiuzwe kabisa. India, kwa kanuni za mwaka 2020, ilizuia uuzaji wa vyakula vyenye mafuta, chumvi au sukari nyingi ndani ya shule na katika umbali wa mita 50 kutoka getini, ikijibu hoja ya biashara kuhamia nje ya uzio.

Mexico inatoa fundisho la aina yake. Nchi hiyo ilikuwa na miongozo ya vyakula vya shule tangu mwaka 2010, lakini shule nyingi hazikuifuata, na ukosefu wa maji safi ya kunywa katika baadhi ya shule uliwaacha watoto na soda kama kinywaji cha karibu. Kanuni mpya zilizoanza kutumika Machi 2025 zimeweka adhabu kwa wanaokiuka na kuzitaka shule ziwe na maji ya kunywa.

Kuhusu matokeo, uchambuzi wa pamoja wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 ulionesha kuwa viwango vya vitafunwa shuleni hupunguza unywaji wa vinywaji vya sukari na ulaji wa vitafunwa visivyo bora, lakini haukubaini mabadiliko ya wazi ya uzito wa watoto. Hii ina maana kuwa katazo lina nguvu ya kubadili kinacholiwa shuleni, ila halitoshi peke yake. Nyumba, mtaa na soko navyo vina sehemu yake.

Nani ana mamlaka nchini?

Jukumu la lishe ya mwanafunzi limegawanywa kwa wadau mbalimbali. Wizara yenye dhamana ya elimu hutoa sera na miongozo, ukiwemo Mwongozo wa Kitaifa wa Utoaji wa Huduma ya Chakula na Lishe kwa Wanafunzi wa Elimumsingi, unaosisitiza ushiriki wa wazazi na jamii katika kupanga na kusimamia chakula cha shule. TAMISEMI husimamia utekelezaji kupitia mikoa na halmashauri. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania (TFNC), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, hutoa ushauri wa kitaalamu. Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu mwaka 2019 linasimamia pia usalama wa chakula, hushughulikia viwango na ubora wa bidhaa.

Katika ngazi ya shule, Kamati ya Shule kwa shule za msingi na Bodi ya Shule kwa sekondari ndivyo vyombo vinavyowaunganisha wazazi na uongozi. Kwa yale yanayotokea nje ya uzio, sheria za Serikali za Mitaa, Sura ya 287 kwa mamlaka za wilaya na Sura ya 288 kwa mamlaka za miji, zinazipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo. Kwa njia hiyo, halmashauri inaweza kuweka utaratibu wa biashara ya vyakula jirani na shule bila kusubiri agizo kutoka ngazi ya Taifa.

Hatua ambazo shule inaweza kuchukua

Kwa kuzingatia hoja na uzoefu ulioelezwa, jibu la swali la msingi ni ndiyo: shule ziweke mipaka. Hata hivyo, mpangilio wa hatua ndio utakaoamua kama mipaka hiyo itamlinda mtoto au itamuumiza.

Kwanza, chakula kitangulie katazo. Shule ianze kwa kuhakikisha uji au chakula cha mchana kinapatikana kwa michango ya wazazi, iwe fedha, nafaka, maharage au nguvu kazi. Elimumsingi bila ada inayotolewa tangu Januari 2016 haikuondoa wajibu wa mzazi wa kumlisha mwanawe. Bustani za mboga, miti ya matunda, na mazao yaliyoongezwa virutubishi kama maharage lishe na viazi lishe hupunguza gharama.

Pili, maji ya kunywa yapatikane. Mtoto mwenye kiu na asiye na bomba atanunua kilicho karibu. Pale ambapo maji hayajathibitishwa kuwa salama, yachemshwe au yatibiwe.

Tatu, orodha iandaliwe kwa pamoja. Kamati ya Shule, ikishirikiana na Afisa Lishe wa halmashauri, ipange vyakula katika makundi matatu: vinavyohimizwa, vinavyoruhusiwa kwa kiasi, na visivyoruhusiwa. Orodha fupi yenye majina ya vyakula vya eneo husika hueleweka kuliko waraka mrefu. Mwambao wa pwani utakuwa na madafu na machungwa. Kagera na Kilimanjaro ndizi. Kanda ya Ziwa viazi vitamu.

Nne, wauzaji wageuzwe washirika. Badala ya kuwafukuza, shule iwasajili, iwatake wapime afya, wafunike vyakula na watumie mafuta safi, kisha iwape muda wa kubadili bidhaa. Mama aliyekuwa akiuza barafu za rangi anaweza kuuza mtindi, ndizi au mayai, mradi aelekezwe na asipoteze wateja kwa mshindani aliye nje ya utaratibu. Hapo ndipo sheria ndogo ya kijiji au halmashauri inapohitajika.

Tano, walimu waoneshe mfano. Mwanafunzi hufuata anachokiona zaidi ya anachoambiwa. Aidha, vitafunwa visitumike kama zawadi ya kufaulu wala kunyimwa chakula kusitumike kama adhabu.

Sita, utekelezaji upimwe. Katika mkutano wa wazazi wa kila muhula, Kamati ieleze kinachouzwa, idadi ya wanafunzi wanaopata chakula shuleni na changamoto zilizojitokeza.

Nafasi ya mzazi na mlezi

Mipaka ya shule haitafua dafu iwapo nyumbani mambo ni kinyume. Mzazi anashauriwa kumpa mtoto kifungua kinywa kabla ya kuondoka, hata kama ni uji, kiporo kilichopashwa moto vizuri au kiazi na chai isiyo na sukari nyingi. Inapowezekana, afungashiwe kitafunwa badala ya kupewa fedha. Anapopewa fedha, aelezwe anunue nini na kwa sababu gani. Mzazi anayeshindwa kuchangia chakula cha shule asikae kimya bali azungumze na mwalimu mkuu au mwenyekiti wa kijiji au mtaa, ili mtoto asiachwe nje ya chungu wakati wenzake wanakula.

Wananchi wenye maswali kuhusu lishe ya watoto wanaweza kuwaona Maafisa Lishe katika halmashauri zao au wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na pia kutumia Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji kupata ushauri. Mwenye mashaka kuhusu usalama wa bidhaa inayouzwa kwa wanafunzi atoe taarifa kwa Afisa Afya wa kata au ofisi ya TBS iliyo karibu.

Meza ya getini itaendelea kuwepo, na kengele ya mapumziko itaendelea kulia. Kinachoweza kubadilika ni kile mtoto anachokikuta hapo, na kama anafika akiwa ameshiba au ana njaa. Hayo mawili yamo ndani ya uwezo wa wazazi, walimu na viongozi wa kila kijiji na mtaa kuyapanga katika kikao kijacho cha shule.